Fibroidi Zipimwe kwa Maisha ya Mwanamke, si kwa Sentimita Pekee

Mwanamke ambaye fibroidi, yaani uvimbe usio saratani unaoota kwenye mfuko wa uzazi, zinamtoa damu nyingi huishi na mambo ambayo altrasaundi haiyaonyeshi: hutandika taulo kitandani kila mwezi, huamka saa tisa za usiku kubadilisha pedi, na kila anapoinuka kitini hugeuka kwanza kutazama alipokuwa amekaa. Akifika kliniki, mara nyingi mazungumzo huanza na sentimita za uvimbe na kuishia kwenye kutoa kizazi. Naona hilo ni kosa, kwa sababu anatia saini ya kukubali upasuaji bila kutajiwa tiba zisizohitaji mpasuo mkubwa.

Tiba hizo si ngeni. Mwaka 1995 daktari Mfaransa Jacques Ravina na wenzake walieleza jinsi ya kuziba mishipa inayolisha fibroidi: mrija mwembamba huingizwa kwenye ateri ya kinena, au siku hizi ya kifundo cha mkono, ukaongozwa kwa eksirei hadi mishipa ya mfuko wa uzazi, kisha chembechembe ndogo mfano wa mchanga huachiliwa humo, na uvimbe uliokosa damu husinyaa taratibu kwa miezi kadhaa. Fibroidi zilizochomoza ndani ya mfuko huweza kutolewa kwa kupitia ukeni, bila kugusa tumbo.

Sisemi kwamba kidonda kidogo ndicho bora kwa kila mtu. Utafiti wa FEMME wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2020 na kuhusisha wanawake 254, ulionyesha kuwa maisha yaliboreka kwa waliozibwa mishipa na kwa waliotolewa uvimbe kwa upasuaji huku kizazi kikibaki vilevile, ila baada ya miaka miwili hawa wa pili walikuwa mbele kidogo. Waliozibwa mishipa pia huhitaji kutibiwa tena mara nyingi zaidi, na maumivu ya saa za kwanza huwa makali. Hayo yote aambiwe mapema. Lakini mwenye kutegemewa na familia, asiyeweza kukaa wiki sita bila kazi baada ya upasuaji mkubwa, anaweza kuyakubali hayo kwa moyo mweupe, ilimradi ameyajua.

Ningependa faili lake, kando ya sentimita, liandikwe wingi wa damu, usiku anaoamka, siku za kazi anazokosa na tendo la ndoa linavyomuumiza, kisha aulizwe hayo hayo mwaka mmoja baada ya tiba.