Korosho Nne Ungoni: Umakini Umepungua, au Vipande Haviungani?

Mgonjwa wa kiharusi anawekewa ungo wenye korosho nne. Anasema anaona moja. Ukimwonyesha ya pili, ile ya kwanza inampotea. Nyumbani watasema macho yameharibika, kumbe macho ni mazima. Wataalamu wanabishania jambo jingine: umakini wa macho umebana, au ubongo umeshindwa kuunganisha vipande kuwa kitu?

Wanaoshika hoja ya umakini wana daktari Bálint wa Hungaria, aliyeeleza hali hii mwaka 1909, na baadaye Luria, mwanasaikolojia wa Urusi ya Kisovieti. Mgonjwa wa Luria alionyeshwa nyota ya pembetatu mbili. Zikiwa za rangi moja, aliona nyota. Zikitofautiana rangi, aliona pembetatu moja tu, ingawa ukubwa ni uleule. Basi umakini wake ulibeba kitu kimoja, hata kiwe kikubwa.

Upande wa pili una HJA (hizo ni herufi za jina lake), mgonjwa wa Uingereza aliyechunguzwa na wanasaikolojia Humphreys na Riddoch. Alinakili mchoro vizuri asijue amechora nini. Umbo lililojazwa weusi lilimsumbua kidogo kuliko mchoro wenye mistari mingi ndani. Ufinyu wa umakini peke yake haufafanui hilo, kwa sababu mchoro ulikuwa mmoja. Mtu wa namna hiyo, ukimpa kinyago cha ujamaa cha Kimakonde, tutarajie ataje kiwiko, kichwa, mguu, asijue ni vya nani. Kwake, kuangalia kipande kipande naona ni matokeo, si chanzo.

Kwa hiyo pima kabla ya kubishana. Tumia korosho zilizobanguliwa (mafuta ya ganda hubabua ngozi), na mgonjwa asiguse, maana vidole vitamwambia. Anza na moja, ongeza hadi nne zilizoachana. Mtu mzima wa afya hujua nne bila kuhesabu. Anayekwama kwenye mbili, shuku umakini. Kisha mchoro wa jembe peke yake, halafu jembe lililopandiana na mtungi. Akishindwa hata jembe peke yake, shuku uunganishaji. Kosa la kawaida ni kusahau kuhamisha ungo kushoto na kulia: korosho za upande uleule zikipotea kila mara, hilo ni tatizo la kutoona au kutozingatia upande mmoja.

Mezani pia wanatofautiana. Mwenye umakini uliobana mwekee chombo kimoja kimoja. Asiyeunganisha vipande mwongezee mwanga, mwondolee kitambaa cha maua, na umwache ashike.