Bro kafunga mlango wa ukumbini, mwenzenu naishi Berlin

Wakuu salama? Mi mpaka juzi ilikuwa siku ya 19 naingia kwangu kwa kupanda ukuta. Nina miaka 51, kitambi kipo, goti la kushoto likiuma najua kesho mvua, na kila alfajiri mama watoto ananishikia ngazi upande wa ndani, jirani anaipokea upande wa nje, nashuka suruali imejaa chokaa naenda kuuza mitumba. Mwanzo mtaa mzima ulicheka. Siku hizi wamezoea, ila kuna watoto wanapitia kunitazama kabla ya kwenda shule.

Kisa ni nyumba ya marehemu ba'mdogo hapa Tanga, nyumba ya Kiswahili kabisa, vyumba sita, ukumbi katikati, ukimaliza ukumbi unatokea uani kwenye choo, kisima, mnazi na mabanda mawili. Ba'mdogo hakuwa na mtoto. Marehemu hasemwi vibaya, basi mimi nasema tu kwamba alitunyanyasa wote kwa usawa. Mimi na bro wangu mkubwa hatujawahi kupatana tangu tunagombea ukoko wa wali, lakini kwa ajili ya yule mzee tulikuwa chanda na pete, simu kila siku, bro vipi, huyu mtu tunamfanyaje. Mzee kafariki, tumezika, arobaini imepita, na simu za bro nazo zikafa.

Sasa binti yangu yuko form six, anachukua HGL (historia, jiografia na Kiingereza), usiku anasomea uani kwa sauti kwa sababu ndani joto. Juzi nakula zangu ugali namsikia anasoma Vita Baridi, ule ugomvi wa Marekani na Urusi baada ya vita kuu ya pili, anasema Marekani, Uingereza na Urusi hawakuwa marafiki, waliunganishwa na Hitler, na Ujerumani ya Hitler ilipoanguka Mei 1945 kilichowaunganisha kikawa hakipo tena. Nikaacha tonge hewani. Nikamwambia hebu rudia hapo mama. Akarudia, akaongeza kwamba Waingereza na Wamarekani walishapeleka majeshi Urusi mwaka 1918 wakati wakomunisti ndo kwanza wameshika serikali, kwa hiyo kinyongo kilikuwepo zamani, kilifunikwa tu na vita. Nikamwambia we hiyo ni ya bro na mimi kabisa, endelea.

Toka siku hiyo nasoma mimi kuliko yeye. Na nimekasirika kuliko yeye.

Kwanza habari ya kugawana. Sisi tuligawana siku ya arobaini baada ya pilau, kwenye karatasi ya daftari la hisabati la mtoto wa bro, bro anaandika, mi nasaini mkono una mafuta. Bro vyumba vya mbele na mlango wa barabarani, binamu yetu vya katikati, mimi uani na mabanda. Imeandikwa vyumba, imeandikwa kisima, imeandikwa mpaka mnazi. Ukumbi haukuandikwa. Nani anaandika ukumbi jamani, ukumbi si wa kupita tu? Nikajilaumu sana, nikasema huu ni ujinga wa watu wa kwetu, wazungu wangeita wanasheria. Kumbe! Oktoba 1944 Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, kaenda Moscow, usiku, kachukua kipande cha karatasi kaandika Romania Mrusi asilimia 90, Ugiriki Mwingereza asilimia 90, Yugoslavia na Hungary nusu kwa nusu, Bulgaria Mrusi 75, kamsogezea Stalin, mkubwa wa Urusi, mezani. Stalin kachukua penseli ya bluu, kapiga vema. Kwisha. Nchi tano za watu hizo. Sisi angalau tulikula pilau kwanza.

Alafu Februari 1945 wakakutana Yalta, kule Crimea, kwenye majumba ya wafalme wa zamani, na huko wajumbe walikuwa wanapanga foleni ya choo na kung'atwa na kunguni. Mi nilipofika kwenye kunguni nikawapenda. Nikasema hawa ni ndugu zangu, hata mimi kikao cha mirathi nilikaa kwenye lile kochi la ba'mdogo nikawashwa wiki nzima. Sasa hapo Yalta wakakubaliana Poland kutakuwa na uchaguzi huru. Huru wa vipi? Kila mmoja akatoka na huru yake mfukoni. Stalin anasema Wajerumani wamenipitia hapohapo Poland mara mbili ndani ya miaka 30, mi nataka jirani atakayenisikiliza. Roosevelt, rais wa Marekani, na Churchill wao wanasema watu wapige kura wamtake wanayemtaka. Neno moja, tafsiri mbili, saini tatu.

Na hapa niseme kitu ambacho bro akikisoma asije akanichekea. Urusi ilipoteza watu kama milioni 27 kwenye ile vita. Milioni 27. Marekani laki nne na kitu. Binti alivyosoma hizo namba nikanyamaza, maana ukweli ni kwamba ba'mdogo alipokuwa hoi miaka miwili ile aliyekuwa anambeba hospitali ni bro, aliyekuwa anamkogesha ni shemeji, mimi nilikuwa Dar natuma voisi za kumuombea. Kwa hiyo bro anaponiambia we ulikuja kwenye mazishi na begi la magurudumu, sina jibu. Lakini bado asifunge mlango!

Basi Roosevelt kafariki Aprili 12, kaingia Truman, mtu ambaye alikuwa makamu kwa siku 82 tu na hata bomu la nyuklia hakuwa ameambiwa kama linatengenezwa. Hebu fikiria unaachiwa duka na hukuonyeshwa ufunguo. Mei hiyohiyo Wamarekani wakakata ghafla misaada ya vita kwa Mrusi, meli nyingine zikaambiwa zigeuze, baadaye wakasema aa tulikosea zirudi, lakini wewe ukishamnyang'anya mtu sahani mbele ya wageni hata ukimrudishia haliki tena. Julai wakakutana Potsdam, Ujerumani. Churchill katikati ya kikao karudi kwao kusikiliza matokeo ya kura, kashindwa, kiti chake kakaa Attlee. Na Truman tarehe 24 kamfuata Stalin kimtindo, kamwambia tuna silaha mpya yenye nguvu isiyo ya kawaida. Stalin wala hakushtuka. Atashtuka nini na mashushushu wake walishamletea habari zote, kuna mwanasayansi anaitwa Klaus Fuchs alikuwa ndani kabisa ya ule mradi. Yaani mtu unajikaza kutoa siri, mwenzio anaitikia tu kama kaambiwa nyama imepanda bei.

Kwenye ushushushu ndo kuna kisa kilichoninyima usingizi. Agosti 1945 watoto wa shule wa Urusi walimletea balozi wa Marekani kule Moscow zawadi, nembo ya Marekani ya mbao, lile tai lao, limechongwa vizuri. Balozi kafurahi kalitundika ukutani nyumbani kwake. Limekaa mpaka mwaka 1952 ndo wanagundua ndani kuna kinasa sauti, hakina betri wala waya, kinaamshwa na mawimbi ya redio kutoka nje. Miaka saba! Sasa mtoto wa bro kila jioni yuko kwangu, shikamoo ba'mdogo, naomba maji ba'mdogo, (na mimi sasa ndo ba'mdogo, angalia dunia). Wiki iliyopita kaniletea saa ya ukutani kasema tulikuwa nayo mbili. Nimeifungua na bisibisi. Haina kitu. Nimeshindwa kuirudishia, sasa hivi nina saa mbovu na dhambi ya kumdhania mtoto.

Na wachochezi hawakukosekana. Februari 1946 kuna afisa wa ubalozi wa Marekani huko Moscow, George Kennan, anaumwa homa yupo kitandani, kaandika telegramu ya maneno zaidi ya 5,000 kwamba hawa watu hawaaminiki, wazuieni wasipanuke. Septemba balozi wa Urusi Washington, Novikov, naye kaandika kwao kwamba hawa Wamarekani wanataka kuitawala dunia. Kila upande una shemeji wake. Katikati hapo Machi 1946 Churchill, si waziri mkuu tena, kaalikwa kwenye kachuo huko Fulton, Missouri, kahutubia kwamba pazia la chuma limeshuka kukata Ulaya katikati. Sisi tunaye mwenyekiti mstaafu wa mtaa, hana muhuri wala kiti lakini harusi yoyote akishika maiki lazima watu wanuniane, nikamwelewa kabisa.

Hela nayo. 1947 Mwingereza kasema mimi nimefilisika siwezi tena kuwasaidia Ugiriki na Uturuki, Truman kaomba bungeni dola milioni 400 awasaidie yeye wasije wakaenda kwa wakomunisti. Juni ile Marshall, waziri wa nje wa Marekani, katangaza mpango wa kuinua Ulaya yote, hata nyie wa mashariki karibuni, ila mlete mahesabu tuyaone. Molotov, waziri wa nje wa Urusi, kaenda Paris kasikiliza, kasikia mahesabu, kabeba watu wake kaondoka. Czechoslovakia walishakubali, wakaitwa Moscow, wakarudi wakasema tumeghairi. Mwisho nchi 16 zikala kama dola bilioni 13. Sisi shangazi yetu yuko Muscat miaka mingi, alisema atatuma hela ya bati jipya nyumba nzima, ila tumpigie picha na risiti za kila kitu. Mi nikasema sawa shangazi. Bro kasema mimi sipigi picha vyumba vyangu kwa mtu. Binamu alisema sawa saa nne asubuhi, kaitwa chumbani kwa bro saa tano, saa sita hataki tena bati, anasema hata hili la zamani lina hewa nzuri. Linavuja mpaka kwenye neti yake!

Sasa tuje kwenye mlango. Ujerumani iliposhindwa vita iligawanywa mapande manne, na Berlin, mji mkuu wake, nayo ikagawanywa manne, lakini Berlin yenyewe iko ndani ya pande la Mrusi, kilomita kama 160 ndani. Yaani mabanda ya uani. Ili Mmarekani, Mwingereza na Mfaransa wafike kwenye vipande vyao lazima wapite kwa Mrusi. Na hapa binti alisoma kitu nikamwambia funga daftari kwanza nipumue. Njia za ndege waliziandika, Novemba 1945, njia tatu, karatasi ipo. Barabara na reli waliongea KWA MDOMO. Majenerali! Watu wenye makarani na mihuri! Ukumbi haukuandikwa wakuu.

Juni 1948 wale wa magharibi wakaleta pesa mpya kwenye mapande yao, ile Deutsche Mark, bila Mrusi kuridhia, na wakaiingiza mpaka Berlin. Tarehe 24 Mrusi kafunga barabara, reli, mifereji, na umeme kakata. Mimi kosa langu ni mita. Tulikuwa tunachangia umeme mita moja, bro ana friji na pasi, mi nina taa tatu na feni, tunagawana sawa kwa sawa, nikachoka nikaweka mita yangu. Siku hiyohiyo jioni narudi, kufuli. Nagonga, bro anajibu kwa ndani ukumbi unatengenezwa. Na kweli Warusi nao walianza hivyohivyo, walisema njia ina matatizo ya kiufundi.

Berlin magharibi walikuwa watu zaidi ya milioni mbili na hawakupitishiwa hata kiazi, ndo ndege zikaanza. Njia zilifungwa miezi kumi na moja kasoro, ndege zenyewe ziliendelea mpaka Septemba 1949. Safari karibu 278,000, mzigo tani milioni 2.3, na sehemu kubwa si chakula bali makaa ya mawe, makaa kwa ndege! Pasaka ya 1949 siku moja ziliruka karibu 1,400, ni kama ndege moja kila dakika. Kuna rubani anaitwa Halvorsen alikuwa anawarushia watoto peremende kwa vitambaa vya leso kama miavuli. Mimi ndege sina. Mimi nina ngazi na shemeji wa upande wa mke wangu. Gunia la mkaa linapandishwa kwa kamba, mtungi wa gesi kwa kamba, na juzi beli la mitumba kilo 45 limefika juu kabisa ya ukuta likapasuka, suruali za kike zikamwagikia uani kwa ustadh jirani yangu, mzee wa watu anatia udhu. Sijaenda kuziomba. Watoto wa mtaa nao wanataka peremende, nani kawaambia sijui, nadhani binti anasoma kwa sauti mno.

Na msidhani ugomvi wa wale uliishia kwao. 1949 zikawa Ujerumani mbili, na ile ya Magharibi ikawa inasema ukimtambua wa Mashariki mimi si rafiki yako. Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964 ikashikana na wa Mashariki, ndo hao waliojenga zile flati za Kikwajuni, ukaja Muungano, wa Magharibi wakanuna, 1965 wakaondoa msaada wao wa kijeshi Tanzania, Mwalimu akawaambia basi na hiyo misaada mingine chukueni. Ukumbi wa watu wa mbali, sisi tukakosa bati.

Mei 12, 1949 Mrusi alifungua njia. Nikamwambia mama watoto vumilia, historia inasema kufuli linafunguliwa. Na kweli jana bro kalitoa, bila neno, nimepita ukumbini kama mgeni, nimetoa salamu, shemeji kaitikia. Nimelala vizuri.

Leo asubuhi binti anaendelea na sura nyingine. Anasoma kwamba tarehe 15 Juni 1961 kiongozi wa Ujerumani Mashariki, Ulbricht, aliwaambia waandishi wa habari hakuna mtu mwenye nia ya kujenga ukuta, na ukuta ukaanza Agosti 13. Nikacheka. Nikatoka nje kupiga mswaki.

Bro kashusha tofali, tripu mbili, na mifuko ya saruji. Nikamuuliza bro hizi za nini. Kanitazama, kasema kwani we nani kakwambia najenga ukuta?

Mimi sikuwa nimetaja ukuta.