Faiba na asidi: fundi anasema hivi, nahodha anasema vile

Kuna mabishano hayaishi hapa Lamu, kaa gatini Mokowe usubiri boti ijae utayasikia. Mafundi wanakwambia faiba ya boti, yaani nyuzi za glasi zilizogandishwa kwa resini, ile gundi inayokauka ikawa ngumu, haisikii asidi, si chuma hii ati ishike kutu. Manahodha nao wanasema wewe mwaga maji ya betri ndani ya boti halafu ngoja uone. Nimewasikiliza wote na naona kila mmoja ameshika ukweli nusu, shida ni kwamba ile nusu iliyobaki ndiyo inayoweza kukuzamisha.

Tuanze na fundi manake hoja yake ina nguvu. Viwanda vya kemikali duniani vinaweka asidi kwenye matangi ya faiba na kuipitisha kwenye mabomba ya faiba, miaka na miaka, kule ambako chuma kingeshatoboka zamani. Na kama unadhani asidi inaila kila glasi, fungua betri zile za sola zisizoongezwa maji, zile wanaita AGM, ndani utakuta kitambaa cha nyuzi za glasi kimelowa asidi ya salfa na kinakaa humo umri wote wa betri.

Lakini glasi ile siyo hii ya kwenye boti zetu, na hapo ndipo fundi anaruka jambo. Mati, kile kitambaa cha nyuzi za kujengea faiba, tunayonunua kwa kawaida ni glasi aina ya E, ilitengenezwa mwanzo kwa ajili ya mambo ya umeme, ina kalsiamu na alumini nyingi ndani yake. Asidi ikiifikia inayachomoa hayo madini, uzi unabaki na ganda la silika tupu ambalo linasinyaa na kupasuka nyufa. Uzi wenye nyufa ukiwa umelegea pengine utaishi, ukiwa umevutwa unakatika, halafu asidi inasogea kwa uzi wa pili, wa tatu, mpaka kitu kinavunjika kwa mzigo mdogo kabisa ambao kikiwa kikavu kingeubeba bila shida. Nyaya kubwa za umeme zimewahi kuanguka hivi, vile vizuizi vinavyozishikilia kwenye nguzo vina fimbo ya faiba katikati, maji yakapenya, cheche za umeme zikatengeneza asidi ya naitriki humo humo, fimbo ikakatika. Na mkato wake ni laini kama umekatwa kwa msumeno, siyo ule wa nyuzi kuchanuka kama ufagio tuliozoea kuuona faiba ikivunjika, kwa hivyo ukiona mkato laini jua asidi imepita hapo.

Sasa rudi kwa boti zetu. Betri inakaa wapi? Tezini, huko nyuma ya boti, karibu na enjini, yaani pale pale ambapo enjini inaning'inia na boti inavutwa sana. Maji ya betri ni asidi ya salfa kama asilimia 37, na ikimwagika maji yake yanakauka ila asidi yenyewe haikauki, inabaki palepale ikizidi kuwa kali. Jelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa, ikiwa nzima itaizuia muda mrefu, lakini niambie ni boti gani haina tundu la skrubu pale betri ilipofungwa. Na wako wanaosugua vile viumbe vya bahari vyenye ganda gumu kama kikombe vinavyoganda chini ya boti kwa asidi ya kuoshea vyoo, kweli vinatoka haraka kwa sababu ni kama chokaa, ila kila mchubuko ulioachwa na chuma cha kukwangulia ni mlango.

Kitu kingine wengi hawakijui ni kwamba boti inatengeneza asidi yake yenyewe. Maji ya bahari yakipenya polepole ndani ya poliesta, ile resini ya bei rahisi, yanaivunja vunja, na haya maji yetu ya moto yanaharakisha, vinatokea vile vilengelenge chini ya jelikoti. Toboa kimoja, maji yanayotoka yananata na yananuka siki.

Kwa hivyo mimi kwa boti niko upande wa nahodha, kwa tangi niko upande wa fundi, mradi fundi awe ametumia resini ya vinili esta na kuacha tabaka nene la resini tupu ndani kabla mati haijaanza, na ikiwezekana glasi ya ECR ambayo inavumilia asidi. Vinili esta ni ghali, sisemi boti nzima ijengwe nayo, maskini mvuvi atatoa wapi? Ila kitako cha betri peke yake ni resini kidogo tu. Weka betri ndani ya boksi la plastiki, ziba matundu ya skrubu kwa resini, na asidi ikimwagika mimina magadi mpaka povu liishe ndio uoshe kwa maji mengi, usingoje mpaka mfike Shela.