Road Rash irudi, lakini irudi vipi?

Ukitaka kujua kwa nini watu wazima wenye kazi na watoto bado wanaiomba Road Rash, gemu ya zamani ya mbio za pikipiki na ngumi, irudi, tazama tukio moja tu ndani yake. Mpinzani anakuja ubavuni kwako na rungu mkononi. Anaunyoosha mkono akupige. Ukiwahi kurusha ngumi sekunde hiyohiyo, unampokonya rungu, na sasa anayekwepa ni yeye. Ni jicho na kuwahi tu. Watoto walifundishana hilo kwa kuoneshana, na aliyelijua alikuwa mfalme wa kompyuta mpaka jioni.

Gemu hiyo ilianza mwaka 1991 kwenye Sega Genesis, mashine ambayo kwingi nje ya Marekani iliitwa Mega Drive. Barabara zake zote zilikuwa za California: milima ya Sierra Nevada, pwani ya Pasifiki, msitu wa redwood, jangwa la Palm Desert. Wengi wetu Afrika Mashariki tulikutana na toleo la baadaye, lile lililotoka 1994 kwa mashine ya 3DO kisha likahamishiwa Windows mwaka 1996. Lilikuwa na video za waigizaji halisi na nyimbo za Soundgarden na bendi nyingine za A&M Records. Nakala nyingi zilizopita mikononi mwetu kwenye CD za kurekodi zilikuwa zimenyofolewa vitu hivyo ili zipungue uzito, kwa hiyo tulicheza miaka mingi bila kujua kwamba kulikuwa na Soundgarden humo ndani.

Baada ya Road Rash: Jailbreak ya mwaka 2000 kwenye PlayStation, na toleo lake dogo la Game Boy Advance la 2003, kampuni ya Electronic Arts, wenye haki ya jina hilo, hawajatengeneza Road Rash mpya. Yale matoleo matatu ya Genesis waliyaweka kwenye mkusanyiko wa EA Replay wa PSP, mashine ya mkononi, mwaka 2006. Basi.

Wanaotaka ifufuliwe wana hoja nzito, na si ya kukumbuka utoto tu. Gemu nyingi za mbio, ukipata ajali, zinakurudisha barabarani baada ya sekunde mbili kana kwamba hakikutokea kitu. Road Rash ilikuacha ulipe. Ukigonga gari unarushwa mbele, pikipiki inabiringika kivyake, kisha unainuka na kuikimbilia kwa miguu huku magari yakikupita na wale uliokuwa umewaacha nyuma wakipita mmoja baada ya mwingine. Pikipiki ikiharibika kabisa, mbio zimekwisha na matengenezo yanadai hela. Polisi akikukamata, faini. Ukikosa hata ya kulipia, gemu imeisha. Ukipanda ngazi unakuta barabara zilezile, ila zimerefushwa na wapinzani wana kasi zaidi. Ndiyo maana kila ngumi ilikuwa na hesabu yake: ukigeuka kumshughulikia aliye kando yako, macho yanaacha barabara, na lori linakuja upande wa pili. Uamuzi huo wa papo kwa papo ndio roho ya gemu hii, nami naamini bado ungemteka kijana wa leo asiyewahi kulisikia jina hili.

Upande wa pili nao hauna hoja nyepesi. Sehemu kubwa ya tunachokililia haikuwa ndani ya gemu. Ilikuwa kupokezana kibodi: ukikamatwa na polisi unaachia kiti, na nyuma yako kuna watu wanaokupigia kelele upige kulia. Studio haiwezi kukuuzia hilo. Zaidi ya hayo, mashabiki walikwisha jaribu kujitibu. Mwaka 2013 walichanga zaidi ya dola 160,000 kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, ili Road Redemption itengenezwe, gemu iliyojitangaza waziwazi kuwa mrithi wa Road Rash. Ilitoka rasmi 2017. Ina mapanga, bunduki, mabomu, mbio za juu ya mapaa, na ukifa unaanza upya ukiwa umenunua uwezo zaidi. Nimeifurahia, hasa kwa kuwa watu wanne wanaweza kugawana skrini moja. Lakini silaha zilipojaa, ile hesabu ya ngumi na lori ilipotea. Mwenye bunduki hana haja ya kukusogelea. Wafufuaji wengi hukosea hapo: wanaongeza vitu, wakati uzuri wa kitu ulitokana na uchache wake.

Kuna pia suala la nani ataifufua. Electronic Arts wana kumbukumbu mbili za kuwapima. Mwaka 2020 walitoa Command & Conquer iliyokarabatiwa, gemu ya zamani ya vita, kazi iliyofanywa na studio ya Petroglyph yenye watu waliokuwa kwenye timu ya awali, wakatoa hadi msimbo wake kwa umma. Kazi safi. Kisha 2025 wakairudisha Skate, gemu yao ya ubao wa magurudumu, kama gemu ya bure inayotaka intaneti muda wote na yenye duka la kuuza mavazi ndani yake. Road Rash ikirudi kwa njia hiyo ya pili, ambako rungu linauzwa badala ya kupokonywa, afadhali ibaki ilipo.

Hoja ya ukatili ninaipa uzito kuliko mashabiki wenzangu wanavyopenda. Katika nchi ambazo majeruhi wa bodaboda ni sura ya kila siku hospitalini, kumpiga mtu teke aliye juu ya pikipiki inayokimbia hakupiti hivihivi machoni. Mwaka 1996 picha zilikuwa bapa, mtu aliruka kama katuni na kuinuka akikimbia. Kwa picha za leo, mwili uleule ukiserereka kwenye lami utakuwa na mifupa na damu, na kicheko kitakufa. Kwa hiyo anayedai gemu iwe na uhalisia wa hali ya juu anadai kitu kitakachoiua.

Mfano ninaouona unafaa umetoka Ufaransa. Streets of Rage, gemu nyingine ya ngumi ya enzi za Mega Drive, ilikaa miaka 26 bila toleo jipya, mpaka Sega walipoipa ruhusa kampuni ya Dotemu. Pamoja na studio ndogo za Lizardcube na Guard Crush Games, wakatoa Streets of Rage 4 mwaka 2020. Picha zilichorwa kwa mkono, mapigo yalibaki yaleyale, na vijana waliokuwa hawajazaliwa mwaka 1994 wakaipenda. Electronic Arts wakikodisha jina la Road Rash kwa timu ya ukubwa huo, yenye wachoraji badala ya jeshi la mafundi wa uhalisia, nitakuwa wa kwanza kulipa.

Na kabla ya hapo wangeanza na jambo dogo: waiuze tena ile ya 1996 ikiwa inafunguka kwenye Windows ya sasa bila ujanja. Nyimbo zitahitaji mikataba mipya, hilo ni kweli. Zikishindikana, watoe bila nyimbo. Wengi wetu hatutaona tofauti.