Kata mmoja panda mitatu haitoshi, sheria za miti mjini zihesabu kivuli

Jamani naomba niliseme hili mapema. Kila jiji likikaa kupitia upya sheria zake za kulinda miti kipengele kinachosifiwa kuliko vyote huwa ni kilekile, ukikata mti mmoja unapanda mitatu, watu wanapiga makofi, wanahamia ajenda nyingine. Mi nashindwa kukisifia, manake hicho hicho ndo kinachotuachia barabara kavu huku ripoti ya mwaka inaonyesha idadi ya miti imepanda.

Piga hesabu kidogo. Mti mkubwa wa barabarani ambao matawi yake yametanuka mita 12 kutoka upande huu mpaka ule, ukiuchukulia kama duara, jua likiwa utosini unafunika kama mita za mraba 113. Sasa chukua mche uliotoka kitaluni, shina jembamba kama fimbo, majani yametanuka mita moja kwa bahati, huo unafunika pungufu ya mita moja ya mraba. Yaani ili urudishe kivuli kilekile siku ileile unahitaji miche 144. Sio mitatu. Na kivuli sio urembo tu, ule mti ulikuwa unavuta maji ardhini na kuyatoa kwenye majani ndo maana hewa ya chini yake huwa na ubaridi fulani, mvua ikinyesha matone yanakaa kwanza kwenye majani kabla ya kushuka kwenye mtaro, vyote hivyo vimeondoka kwa nusu saa ya chenso na mche hauwezi kuvirudisha labda baada ya miaka 20 au 30, kama utafika huko.

Na kufika huko ndo kazi. Miaka miwili mitatu ya mwanzo mche wa mjini unahitaji mtu wa kuumwagilia, nguzo ya kuushikilia, uzio wa kuzuia magari na mifugo, na shimo lenye udongo wa maana sio kifusi cha ujenzi kilichofunikwa na mchanga kidogo juu. Sheria nyingi zinaishia kwenye kupanda, picha zinapigwa, basi. Mi ningetaka aliyekata aache dhamana ya pesa, na dhamana hiyo isirudishwe siku ya kupanda, irudishwe baada ya miaka mitatu pale ofisa atakapokwenda kuona mti uko hai. Ukifa unapandwa mwingine na hesabu ya miaka inaanza upya.

Alafu pesa yenyewe isiandikwe kama tarakimu moja iliyogandishwa kwenye sheria. Atlanta kule Marekani walikaa na kanuni ya fidia ya dola 100 kwa mti ukiongeza dola 30 kwa kila inchi ya kipenyo cha shina, na walikaa nayo kwa zaidi ya miaka 20, gharama za kila kitu zinapanda ila bei ya mti iko palepale. Kwa mwenye mradi wa nyumba mia, fidia hiyo sio adhabu tena, anaiweka kwenye bajeti pamoja na saruji na nondo. Kiwango cha fidia kipande chenyewe kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei, mstari mmoja tu kwenye sheria unatosha kuliko kusubiri madiwani wakumbuke.

Kuna hili suala la ukubwa. Toronto mti ulio kwenye kiwanja cha mtu binafsi unaanza kulindwa shina likifika kipenyo cha sentimita 30, wanapima kwenye urefu wa mita 1.4 kutoka chini. Singapore wanatumia mzunguko wa shina, ukizidi mita moja kwa kupima nusu mita kutoka chini unahitaji kibali, kwenye maeneo waliyoyatenga na kwenye ardhi isiyojengwa. Kuwa na kipimo ni vizuri kwa sababu mwananchi anachukua futi kamba mwenyewe na kujua, hahitaji mtaalamu. Ila tukumbuke mwenye kiwanja naye anapima, akiona umefika sentimita 28 anauwahi. Ndo maana mi nasema kipimo peke yake hakitoshi, jiji lipige picha za juu na kujua kila mtaa una asilimia ngapi ya kivuli, na mtaa ulioshuka chini ya kiwango basi hata miti midogo ilindwe. Mtaalamu mmoja wa misitu ya mijini, Cecil Konijnendijk, mwaka 2021 alipendekeza kanuni rahisi ya 3-30-300, kila nyumba ione angalau miti mitatu, kila mtaa uwe na asilimia 30 ya kivuli cha miti, na kila mtu awe na bustani ndani ya mita 300. Hata kama jiji haliwezi kufika hapo leo linajua angalau linapima nini.

Lakini linaloniuma zaidi ni mizizi. Kuna kona napita kila siku palikuwa na mti mkubwa sana, wakaja mafundi kulaza bomba, wakachimba mtaro kama mita moja tu kutoka kwenye shina. Nlisimama nikaangalia. Mizizi minene kama mkono wa mtu mzima ilikatwa kwa shoka ikarushwa juu ya udongo, kwa ndani bado mieupe na inatoka maji. Hakuna tawi hata moja lililoguswa, kwa hiyo kwenye karatasi ule mti haukufanywa kitu. Mwaka wa kwanza ulikuwa kama kawaida. Wa pili majani yakawa madogo, yakaanza kudondoka mapema. Wa tatu ncha za juu zikakauka, matawi yakabaki matupu juu na majani chini, akaja mtu akaandika kwamba mti ni hatari kwa wapita njia, ukakatwa kwa kibali halali kabisa na hakuna aliyeuliza umeuawa na nini.

Watu wengi wanadhani mizizi inashuka chini kama nguzo, hapana, sehemu kubwa iko juu juu tu, ndani ya kama nusu mita ya kwanza, na inatambaa kupita hata mwisho wa matawi. Wajenzi wa Uingereza wana kiwango chao, BS 5837 cha mwaka 2012, kinasema chukua kipenyo cha shina zidisha mara 12, hiyo ndo nusu kipenyo ya duara la kulindwa. Shina la sentimita 50 linataka mita sita kila upande. Sisi pale kwenye kona tulikuwa na mita moja! Kwa hiyo sheria mpya isiposema neno kuhusu kuchimba, kumwaga zege na kupaki malori juu ya mizizi, itakuwa imelinda mbao tu.

Na tusidhani wakosaji ni wenye viwanja peke yao. Sheffield, Uingereza, halmashauri yenyewe iliingia mkataba wa miaka 25 wa kukarabati barabara mwaka 2012, ndani yake kukiwa na kubadilisha mpaka miti 17,500, ikakatwa maelfu, na Novemba 2016 wakazi wa Rustlings Road waliamshwa kabla hakujakucha wahamishe magari ili miti ikatwe. Wastaafu walikamatwa na polisi. Uchunguzi huru ulitoka 2023 na halmashauri ikaomba radhi, ila miti haipo. Sheria lazima iibane serikali ya jiji na wakandarasi wake vilevile inavyombana mama mwenye nyumba moja, tena mama huyo fomu yake iwe bure na ajibiwe haraka, manake kama mti umeinamia paa lake na kila akienda ofisini anaambiwa rudi kesho, atamwita mtu na chenso Jumapili na simlaumu.

Cha mwisho ni tangazo. Libandikwe kwenye mti wenyewe, usawa wa macho, siku 14 kabla, liseme nani anaomba kukata, kwa nini, na mwingine utapandwa wapi, afu kazi ifanyike mchana wa siku za kazi. Karatasi na kipande cha kamba, misumari hapana. Kwa gharama ndogo hivyo, kipengele hiki kikikosekana kwenye rasimu naomba mtu asimame kikaoni aulize kwa nini.