Bluu Juu, Kijani Chini

Ujumbe umeingia kundini saa tano usiku, watu wana zamu ya alfajiri: "Ndugu Watanzania, mchango wa sherehe ya Uhuru ni pauni 25, familia 40." Familia ni watu wangapi, haisemwi. Ndiyo maana kila mwaka anatokea mtu na wake wanne, wake kwa maana ya watu wake na mashemeji zake, tusielewane vibaya.

Tarehe yenyewe ni ugomvi. Tisa Desemba ikiangukia katikati ya wiki, Uhuru unasogezwa Jumamosi, kwa kuwa bosi wa hapa Uingereza hakugombea uhuru wowote. Mzanzibari naye anakumbusha, kwa upole unaochoma, kwamba Desemba 1961 aliyepata uhuru ni Tanganyika. Unguja na Pemba Mwingereza alikuwa bado yupo. Haya, tufanye Aprili 26, siku ya Muungano. Ukumbi wa Aprili una harusi. Tunarudi Desemba, mama zetu na vitenge juu ya majaketi.

Hayo tumezoea. Mzigo ni bendera.

Jamani, ile bendera ni mtego. Mstari mweusi unapanda mshazari kutoka chini mlingotini hadi juu nchani, kijani juu yake, bluu chini. Sasa igeuze kichwa chini miguu juu: mstari unabaki palepale! Kinachohama ni rangi tu. Mtundikaji akiwa juu ya ngazi anaangalia mstari, anaona upo sawa, anagonga msumari. Dawa ni kutafuta ukingo wenye pete mbili za chuma: huo ndio wa mlingoti, na pembe ya juu ya upande huo lazima iwe kijani. Ukiona mstari unashuka kutoka mlingotini badala ya kupanda, hapo umeitundika kinyumenyume, hilo ni kosa jingine. Ya Tanganyika haikuwa na taabu hii. Michirizi ya kulala: kijani, njano, nyeusi, njano, kijani. Ipindue utakavyo, hukosei.

Basi, ukumbini bluu iko juu. Mweka hazina anaona, anamnong'oneza katibu, katibu anapiga kelele. Babu mmoja wa Kiunguja, kofia yake ya kiua kichwani, anainuka taratibu.

"Kosa liko wapi?"

"Mzee, bluu imekaa juu."

"Bluu ya nani?"

Kimya. Kila mtu anajua bluu ilitoka kwenye bendera ya Zanzibar, mwaka 1964 tulipoungana.

"Kwenye bendera yetu bluu ilikuwa juu, na mpaka leo iko juu. Nyinyi miaka yote mnatuweka chini, hakuna aliyeleta ngazi. Leo tumepanda dakika kumi, mnaita ngazi?"

Mzee wa Kimoshi anajibu kwamba kijani ni ardhi, na ardhi kwake ndiyo Kilimanjaro, na Luteni Nyirenda alipopandisha bendera kileleni Kibo usiku ule wa Uhuru hakuuliza ya nani iwe juu. "Alipandisha yenu," babu anasema, "sisi tulikuwa tumelala." Mwenyekiti anapendekeza iundwe kamati ndogo. Kamati! Ya kugeuza kitambaa! Mgeni rasmi yuko mlangoni anavuliwa koti, pilau inaungua, na mwenye ngazi anadai ngazi yake!

Wimbo wa taifa tuliugusa tu. Kijana wa mitambo alitafuta tuni mtandaoni, akaipata, maana tuni ya Enoch Sontonga tunaichangia na Zambia. Tumesimama wima, mikono ubavuni, spika ikaanza kuisifu Zambia. Wimbo upakueni mtandaoni mapema, usikilizeni mpaka mwisho.

Na pilau, nasema kila mwaka: kilo moja watu sita, watu 120 kilo 20, lakini msiipike kwenye sufuria moja juu ya jiko la umeme la ukumbi. Sufuria linakalia mafiga mawili, mchele ulio juu ya mafiga unashika, wa katikati mbichi. Gawanyeni kilo tano tano, maji yakikauka funikeni kwa foili, tieni kwenye oveni. Kupalia makaa juu ya kifuniko hapa hamna, kengele ya moto italia.

Itapungua vilevile. Si kwa walaji, kwa wale wenye hotipoti kwenye mikoba. Wanaanza kupakua hotuba ikiwa ukurasa wa pili, wanaacha viazi.