Nzi wa Matunda, Kanabidioli na Neno «Wasiwasi»

Tangu sheria ya kilimo ya mwaka 2018 iruhusu nchini Marekani mmea wa bangi wenye THC (kemikali inayolewesha) isiyozidi asilimia 0.3, mafuta ya kanabidioli, kemikali nyingine ya mmea huo isiyolewesha, yamezagaa madukani, na wanunuzi wengi huyatumia wakitumaini kutulizwa wasiwasi. Si ajabu kwamba wanafunzi huko huyajaribu kwa nzi wa matunda, mdudu ambaye mwanasayansi wa urithi Thomas Hunt Morgan alimpatia umaarufu mjini New York zaidi ya miaka 100 iliyopita: hufugwa ndani ya chupa, kizazi kipya hupatikana kwa siku zipatazo 10, na masharti yanayomlinda panya hayamgusi.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Nzi huwekwa katika kisahani cha duara, kisha huhesabiwa muda anaoambaa ukutani na muda anaothubutu kukatiza katikati. Mwambaa ukuta huchukuliwa kuwa ana wasiwasi. Wanaokitetea kipimo hiki hawakosi ushahidi, kwani utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba diazepamu, dawa ambayo madaktari huwaandikia watu wenye wasiwasi, humpunguzia nzi tabia hiyo, na kwamba serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe katika ubongo, inahusika.

Wanaopinga hukumbusha kwamba nzi hana kabisa vipokezi vya CB1 na CB2, yaani sehemu za seli ambazo kemikali za bangi hushika, ambavyo binadamu anavyo, na kwa hiyo bangi haina mahali pa kumshika. Hoja hiyo inatisha kuliko ilivyo na uzito. Hata kwa binadamu kanabidioli hushikamana na vipokezi hivyo kwa udhaifu mkubwa, na mojawapo ya njia inazodhaniwa kupita ni kipokezi cha serotonini kiitwacho 5-HT1A, ambacho nzi anacho kwa namna yake. Upungufu wa mdudu huyu unakuwa faida: athari yoyote itakayoonekana kwake haiwezi kusingiziwa CB1 wala CB2.

Panaponitia shaka zaidi ni kwenye jina. Nzi hupenda kingo hata asipotishwa, na aliyelegea akatulia popote alipo anaweza kuandikwa «ametulizwa», kumbe amelewa tu. Kulewa huko si mzaha: kanabidioli haiyeyuki vizuri majini, mara nyingi huyeyushwa kwa ethanoli, yaani pombe, nayo humlewesha nzi kama imleweshavyo mtu. Bila kundi lililolishwa ethanoli peke yake, na bila kupima kasi ya mwendo, takwimu za ukutani hazina mshiko.

Kiwango cha dawa nacho kina mitego. Katika utafiti wa Brazil uliochapishwa mwaka 2019, miligramu 300 za kanabidioli ziliwapunguzia wasiwasi watu waliotakiwa kuhutubia, ilhali 150 na 600 hazikufanya hivyo. Mwanafunzi aliyejaribu kiwango kimoja tu na kukosa matokeo hajathibitisha kwamba dawa haifanyi kazi. Isitoshe, dawa iliyochanganywa katika chakula si lazima iwe imeliwa, jambo ambalo rangi ya buluu kidogo ndani ya chakula hicho hulifichua, kwa kuwa huonekana wazi tumboni mwa nzi.